Minyoo Rafiki na Dawa za Wadudu

Watu wengi wakaao Manyatta, mjini Kisumu, wana mashamba ya mahindi makwao, Kajulu, Kano au Seme. Tangu mwaka 2017, kiwavijeshi vamizi aliyetoka Amerika alipoonekana katika Kenya, wengi wao wamepata hasara. Kiwavi huyu hujificha katika moyo wa mhindi, ambamo dawa haimfikii vema. Tena akizoea dawa ya namna moja, haimwui.

Lakini ana adui mwingine. Katika udongo wamo minyoo wembamba mno, wasioonekana kwa macho. Mnyoo huyu huingia mwilini mwa kiwavi na kutoa vijidudu vya maradhi ambavyo humwua kwa muda wa siku mbili hivi. Kisha minyoo huzaana ndani ya mzoga, na watoto wao hutoka kutafuta viwavi wengine. Hawadhuru watu, mifugo wala mimea.

Katika nchi ya Rwanda, wataalamu walitia minyoo hao katika uji mzito unaohifadhi unyevu, wakauweka katika moyo wa mihindi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa walipunguza viwavi sawa na dawa ya kawaida.

Je, yafaa kuwatumia pamoja na dawa? Yafaa, lakini kwa utaratibu. Ziko dawa ambazo minyoo huzivumilia, na ziko zinazowaua, hasa zile zilizotengenezwa kuua minyoo ya mizizi. Mtu akichanganya ovyo, atapoteza fedha zake mara mbili, na viwavi watabaki shambani.

Kwa hiyo yakumbukeni haya:

1. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chombo, na umwulize Bwana Shamba kama dawa yako inapatana na minyoo. Usipokuwa na hakika, usivichanganye. Tumia kimoja, ngoja siku kadhaa, ndipo utumie kingine.

2. Osha bomba vizuri na uondoe chujio lenye matundu madogo sana.

3. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua na ukavu huwaua minyoo. Tikisa bomba mara kwa mara ili wasizame.

4. Minyoo ni viumbe hai. Waweke mahali penye baridi na uwatumie upesi.

Zaidi ya hayo, kagua mihindi yako ingali michanga. Kiwavi mdogo hufa kwa urahisi. Aliyekomaa amekwisha kula mavuno yako.