Tingatinga Alijifundisha, Kisha Akafundisha

Umewahi kuona picha ya Tingatinga? Labda ni chui mwenye madoa, au ndege mtini. Jina hilo ni la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Hakusomea uchoraji.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakungoja vifaa vya ghali. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Alichora wanyama, ndege na maisha ya watu. Mkewe aliuza picha hizo. Kazi ilipokua, aliwaita vijana wa ukoo wake, akawafundisha.

Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi. Akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, nao wakafundisha wengine. Hata leo picha hizo zinachorwa.

Je, wewe unajua nini? Kusuka mikeka? Kufua majembe? Mimi ni bwana shamba. Nimeona mbegu zikifungiwa ghalani mpaka zikabunguliwa. Ujuzi nao ni mbegu. Mwite kijana mmoja, umfundishe.