Mochi Huanzia Kwenye Mchele

Wengi wetu tumeijua mochi, donge la mchele la Kijapani, kwa picha za Wajapani wakitwanga kwa nyundo kubwa ya mbao: mmoja anapiga, mwenzake analigeuza donge kwa mkono uliolowa maji kabla pigo jingine halijashuka. Ni picha za kuvutia, lakini huwapotosha wanaotaka kuitengeneza nyumbani, kwani huwafanya waamini kwamba siri iko kwenye nguvu za mikono. Mochi huamuliwa na aina ya mchele. Mtu akikosea hapo, hata atwange mpaka jioni hataipata.

Ushahidi umo ndani ya punje. Wanga wa mchele una sehemu mbili: amilosi, ambayo ni minyororo mirefu iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Katika mchele wa kawaida wa Japani, amilosi huwa karibu asilimia 15 hadi 20 ya wanga, na aina nyingi za punje ndefu huzidi hapo, ndiyo maana wali wake huchambuka. Mchele wa mochi, mochigome, karibu hauna amilosi kabisa. Ukiiva, matawi hayo hushika maji na kushikamana, na kinachopatikana ni donge linalovutika bila kukatika upesi. Hata ukiwa mbichi unatambulika: punje zilizokauka vizuri ni nyeupe pepe, wala mwanga haupenyi. Kwa hiyo unga wa mchele wa vitumbua, ujapokuwa mzuri kwa kazi yake, hautoi mochi. Tafuta mchele wa kunata au unga wake katika maduka ya vyakula vya Asia.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mochi isiyotwangwa si mochi. Hoja yao ina uzito. Iliyotwangwa kutokana na punje nzima ina mvuto mkubwa zaidi na ladha ya mchele wenyewe, na ikichomwa huumuka na kupasuka juu. Lakini Wajapani wenyewe hawajajifunga na nyundo. Mwaka 1971 kampuni ya Toshiba ilianza kuuza mashine ya nyumbani ya kutengeneza mochi, na kwa vitamu kama daifuku, yaani mochi laini yenye maharage mekundu yaliyopondwa na sukari ndani, unga wa mchele wa kunata ni wa kawaida kabisa.

Kwa anayeanza, basi, unga ndio njia ya busara. Changanya gramu 100 za unga, gramu 50 za sukari na mililita 150 za maji, koroga hadi mabonge yaishe, kisha upike kwa mvuke takriban dakika 20, ukikoroga katikati. Tazama rangi: uji mweupe kama maziwa ukigeuka kuwa wa kung'aa, wenye kupenyeza mwanga kidogo, umeiva. Palipobaki weupe, unga bado mbichi. Mwaga donge juu ya wanga mkavu wa viazi au wa mahindi, kwani bila huo litakung'ang'ania vidoleni. Anayetaka kutwanga aloweke mchele usiku kucha na aupike kwa mvuke. Ukichemshwa hunywa maji mengi mno na donge huwa tepetepe.

Wengine watasema sukari hiyo ni ya utamu tu, na inaweza kuachwa. Si hivyo. Wanga ulioiva ukipoa hurudi kujipanga na kukaza, na sukari huuchelewesha. Mochi isiyo na sukari huwa ngumu ndani ya siku moja au mbili, na ile ya mapambo ya mwaka mpya, kagami mochi, hukauka kiasi kwamba inapofika Januari 11, siku ambayo wengi huifungua, huvunjwa kwa nyundo. Ugumu huo si uharibifu: ichome au uitie kwenye supu, italainika tena.

Ulaini wenyewe ndio wenye hatari. Kila mwaka mpya wazee kadhaa nchini Japani hukabwa na mochi, wengine hufa, na zimamoto wa Tokyo hutoa onyo mara kwa mara. Ikateni vipande vidogo, tafuneni taratibu pamoja na chai, na msimwache mzee au mtoto mdogo aile peke yake.