Kelele za "shusha!" zilivyonipunguzia uoga

Leo naomba niweke mada inayonihusu mwenyewe, mtanisamehe ikiwa ndefu kidogo.

Mwaka 2009 tulimzika mzee wangu kijijini, Muheza. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo ikapangwa nisome wasifu wa marehemu. Karatasi nilikuwa nayo mfukoni, nimeiandika mwenyewe usiku kucha. Aliyekuwa anaongoza ratiba alipotaja jina langu, miguu ikagoma. Nikamsukumia karatasi binamu yangu, nikasingizia kichwa kinauma. Akasoma vizuri tu, ila kila nilipoandika "baba yetu" yeye ikabidi aseme "mjomba". Mama hakuniambia kitu. Afadhali angenigombeza.

Watu wanasema "utazoea tu". Jamani, mtu hazoei kitu anachokikimbia! Ukiwa na hofu, moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, mikono inatoa jasho. Ukikimbia, dakika mbili tu umetulia, na akili inajifunza kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Kesho unakimbia mapema zaidi. Hujapata hata nafasi ya kugundua kuwa ungebaki palepale, moyo ungepoa wenyewe.

Wapo pia wale wa "jitose tu, mwanaume!" Hao siwaelewi kabisa. Asiyejua kuogelea ukimsukuma toka kwenye pantoni la Kigamboni hajifunzi kuogelea, anajifunza kuogopa pantoni.

Niliposoma kidogo nikakutana na mama mmoja mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alichapisha habari za mtoto aliyemwita Peter, hajafikisha hata miaka mitatu, anaogopa sungura vibaya sana. Kwanza wakamchanganya na watoto wasioogopa sungura, akaanza kuzoea. Halafu akaugua, akakaa hospitali karibu miezi miwili, na siku ya kutoka akatishwa na mbwa mkubwa. Basi, hofu yote ikarudi! Wakaanza upya, safari hii kwa chakula. Peter anakula kitu anachokipenda, sungura yuko ndani ya tundu kwa mbali, kila mara anasogezwa kidogo. Mwishowe mtoto akawa anamwachia sungura amtafunetafune vidole. Hapo kwenye kurudi nyuma ndipo paliponipa moyo, maana mimi nimerudi nyuma mara nyingi.

Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, kwenye kitabu chake cha mwaka 1958, aliifanya hiyo kuwa kama ngazi. Unapanga unavyoviogopa kuanzia kidogo hadi kikubwa, unafundishwa kulegeza mwili, unaanza na cha chini kwa kukifikiria tu. Hupandi mpaka hicho kipoe.

Ngazi yangu msicheke. Ya chini kabisa ilikuwa kusema "shusha!" kwenye daladala. Kweli tena, nilikuwa napitilizwa vituo viwili vitatu kwa sababu naona aibu kupaza sauti, nasubiri abiria mwingine ashuke ndiyo nijifanye na mimi nilikuwa nashuka hapo. Wiki ya kwanza konda hakunisikia, nikapitilizwa vilevile. Ya pili nikasikika hadi siti ya nyuma. Kutoka hapo nikaenda kuuliza bei Kariakoo na kuondoka bila kununua (huko kuna matusi yake). Halafu vikao vya harusi: kwanza nataja ahadi yangu tu, kisha nasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Kwenye muhtasari nilikaa karibu mwaka mzima. Kuna siku nilimeza mistari mitatu nikakaa chini, mwenyekiti akaendelea kama hakuna kilichotokea. Hilo nalo lilinifundisha: mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu, wenzangu walikuwa wanasubiri soda.

Tahadhari kidogo. Si kila hofu ni ya kuondoa, ile ya kuvuka Barabara ya Morogoro mchana ibaki nayo. Na kama hofu yako inakuzuia hata kutoka ndani, hiyo usipambane nayo peke yako, muone daktari.

Mwaka 2013 akafariki baba mdogo. Safari hii karatasi niliiomba mwenyewe. Ilitetemeka mkononi hadi waliokaa mbele wakaona. Nikakosea mwaka aliozaliwa, shangazi akanisahihisha kwa sauti toka chini ya turubai, watu wakaguna, nikarudia, nikaendelea hadi mstari wa mwisho. Nilipokaa, mama akanisogezea kikombe cha maji.

Kazini mkutano ukiwa wa Kiingereza bado nakaa nyuma karibu na mlango. Hiyo ngazi yake nimeipanga juzi tu, cha chini kabisa ni kusema "good morning" kabla bosi hajaisema yeye. Nyie wenzangu mnaogopa nini, na mlianzia wapi? Karibuni.