Maji ya kidimbwi hayapimwi kwa pua

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kidimbwi cha kuogelea ni mtu wa kustarehe tu. Mimi, niliyekipata changu majuzi pamoja na nyumba, naona kuwa kazi yake ni kupima maji kila uchao.

Kama mwanaisimu, linalonishughulisha ni neno "dawa". Klorini tumeiita dawa ya maji, na kwa kuwa dawa hunuka, tumesadiki kwamba kidimbwi kinukacho sana ndicho safi. Sivyo! Harufu ile kali iwashayo macho hutokana hasa na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji, ikapungukiwa na nguvu.

Apimaye na aanze na pH, ambayo yafaa iwe baina ya 7.2 na 7.8. Ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini ibakiayo katika hali ya kuua viini upesi. Kuongeza klorini bila kuishusha pH ni kutwanga maji kinuni.

Hata hivyo, asidi ya kushushia pH ikichanganywa na klorini hutoa gesi iwezayo kuua. Mikebe niliyonunua ina onyo hilo kwa Kiingereza pekee, ilhali mmiminaji aghalabu ni mfanyakazi asiyekisoma. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Je, urasmi huo una maana gani usipofika kwenye mkebe wa sumu? Wauzaji na waandike onyo hilo kwa Kiswahili. Nasi waajiri, kabla ya kumtuma mtu, tumsomee.