Joto la Darini: Toboa Chini, Toboa na Juu

Mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini Manyoni, mji ulio karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mvua bado, mawingu ni ya kutafuta, na bati linachomwa wima kuanzia saa nne hadi saa tisa. Jioni ukipandisha kiganja kwenye silingi bodi utaikuta ina moto wa pasi iliyozimwa punde. Wengi hapo hununua feni, nayo huzungusha hewa ileile chini ya dari linaloendelea kuchemka.

Tembe la Wagogo halina taabu hii. Udongo mzito juu ya magogo huchelewesha joto mpaka usiku, tena hakuna dari la kulifungia. Bati ni jembamba, halizuii chochote.

Dawa ya kwanza ni matundu, na yawe sehemu mbili. Hewa ya moto hupanda. Isipopata mlango juu hubaki humo humo, na isipopata ya kuipokea kutoka chini haiendi popote. Kipimo kilichoenea Marekani ni uwazi wa 1/150 ya eneo la dari, ingawa kilitungwa zaidi kwa hofu ya unyevu kuliko joto. Nyumba ya mita 8 kwa 10 itahitaji kama mita ya mraba 0.53. Nusu iwe upenuni: matundu 6 ya sentimita 30 kwa 15, matatu kila upande. Nusu nyingine iwe kwenye kuta za pembetatu chini ya kofia ya paa, luva moja ya sentimita 45 kwa 30 kila mwisho, vibanzi vikiinamia nje ili mvua isirushwe ndani. Ongeza kidogo, maana wavu hula sehemu ya uwazi.

Wavu ni lazima. Manyoni ni nchi ya asali, na nyuki wakiingia darini hawaombi kupangishwa. Popo nao wanasubiri. Matundu ya milimita 3 yanatosha. Wavu wa mbu huziba kwa vumbi la kiangazi, kwa hiyo usafishwe mara kwa mara.

Lakini matundu hutoa hewa ya moto tu. Joto jingi linaloshuka darini hutoka kwenye bati kwa mnururisho, na upepo hauuzuii. Hapa ndipo fedha ya feni ingefaa kwenda kwenye foili ya alumini, ifungwe chini ya papi, uso unaong'aa ukitazama chini penye nafasi wazi. Ikilazwa juu ya silingi bodi, vumbi litaufunika mng'ao wake. Na anayenunua bati leo achague jeupe; jekundu lililoiva na kijani kibichi hupendeza machoni lakini hunyonya jua.

Paa la kuficha lina mtihani wake: ukuta umelizunguka pande zote, upenu hakuna. Toboa ukuta wenyewe, kati ya dari na bati, upande wa mashariki unakotoka upepo wa kiangazi na upande wa magharibi.

Zile kofia zinazozunguka kwa upepo zinafaa paa la migongo minne, ambalo halina ukuta wa pembetatu, mradi upenu uwe na matundu. Kila kofia ni tundu jipya kwenye bati, basi fundi aizibe vizuri pembeni kabla ya mvua za Desemba.