Fedha za Serikali: Zimfikie Nani?



Serikali inapotangaza fedha za kuwasaidia wakulima, wengi wetu huuliza kwanza ni kiasi gani. Sisi twaona swali la kwanza ni hili: zitaingia mkononi mwa nani? Na tuyatazame yaliyowapata wakulima wa pamba wa wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, huko Marekani.

Mwaka 1932 bei ya pamba ilikuwa imeanguka hadi kiasi cha senti 6 kwa ratli. Mwezi wa Mei 1933 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze kilimo, ili pamba iadimike na bei ipande. Fedha zilitokana na kodi waliyotozwa wenye viwanda. Mwaka ule pamba iliyokwisha ota ilifukiwa kwa plau, zaidi ya ekari milioni 10 nchi nzima, na malipo ya taslimu yalikuwa dola 7 hadi 20 kwa ekari. Bei ikapanda hadi karibu senti 10.

Lakini wengi wa walioishika jembe hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la mtu, wakagawana naye mavuno nusu kwa nusu. Mkataba wa mwaka 1934 uliweka malipo ya namna mbili kwa ratli ya pamba: senti 3 na nusu za kodi ya ardhi, zote za mwenye shamba, na senti 1 ya kugawanywa kama mavuno. Ukipiga hesabu, mwenye shamba alipata senti 4, na mlimaji nusu senti. Hata hiyo nusu ilipitia kwanza mikononi mwa mwenye shamba.

Mkataba ulimtaka mwenye shamba asipunguze idadi ya walimaji wake "kadiri iwezekanavyo". Neno hilo likawa mlango wa kutokea. Ekari zilipopunguzwa, jamaa nyingi zilitolewa mashambani. Mwezi wa Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza katika wilaya hiyo, wakulima weusi na weupe waliunda chama kimoja kudai haki yao. Mwezi wa Februari 1935 wanasheria wa wizara ya kilimo waliotaka kifungu hicho kisomwe kwa kuwalinda walimaji waliachishwa kazi.

Siku hizi kanuni za Marekani hutazama nani anabeba hasara mazao yakiharibika. Aliyekodi shamba kwa fedha taslimu ndiye anayelipwa. Wanaogawana mavuno hugawana na malipo.

Nasi wa karafuu tuna mwenye shamba, tuna aliyekodi mikarafuu kwa msimu, na tuna mchumaji anayelipwa kwa pishi. Ikija fedha ya msaada, kila mmoja atakuwa na hoja yake. Kwa hiyo twawashauri wanachama: mnapokodishana mikarafuu, andikeni mapema malipo ya serikali yakija yatakuwa ya nani na kwa sehemu gani, mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Msikubali neno la "ikiwezekana". Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.