Siku nne Aisilandi: moto, barafu na boti ambayo haikuondoka

Tangu nirudi safari, barazani naulizwa swali moja tu: "Wewe mtu wa pwani, ulifuata nini kwenye baridi?" Jibu fupi ni kwamba mdogo wangu wa kike anayeishi Denmark alinilipia ziara ya siku nne nchini Aisilandi mwezi wa Juni, tukaenda sote wawili. Jibu refu ndilo hili ninaloandika. Nina stashahada ya utalii na nimetembeza wageni katika pwani hii kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mara hii mgeni nilikuwa mimi, nimekaa kiti cha nyuma, namtazama mwenzangu akifanya kazi ninayoijua.

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Aisilandi ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 103,000, kina watu wasiofika nusu milioni, na kila mwaka kinapokea wageni zaidi ya milioni mbili. Kimekaa juu ya mpasuko ambapo mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kwa takriban sentimita mbili kwa mwaka. Panapoachana, moto wa chini hupanda. Na kwa kuwa kisiwa kiko mbali sana kaskazini, theluji ya milimani haiyeyuki yote. Hujirundika mwaka baada ya mwaka, ya juu ikiikandamiza ya chini, mpaka ikawa barafu nzito inayoteremka mabondeni polepole kama mto. Hiyo ndiyo huitwa barafuto. Karibu sehemu moja ya kumi ya nchi imefunikwa hivyo. Barafuto kubwa kuliko zote, Vatnajökull, inakaribia ukubwa wa kaunti nzima ya Kwale.

Siku ya kwanza basi dogo la watu kumi na sita lilitupeleka Þingvellir. Ni bonde lenye kuta za mawe meusi, na ule mpasuko unauona kwa macho. Hapo ndipo wenyeji walipoanzisha bunge lao mwaka 930. Mwelekezi wetu, mama wa makamo, alipojua natoka Kenya alinishangaza: alisema wahandisi wetu wengi wamesomea kwao. Ni kweli. Tangu miaka ya mwanzo ya mafunzo yao ya umeme wa mvuke, yaliyoanza 1979, Kenya imepeleka wanafunzi huko, na hakuna nchi iliyopeleka wengi zaidi. Bonde la Ufa na kisiwa kile ni ndugu, kote ardhi inapasuka na mvuke unatoka. Umeme wa Olkaria unaowasha taa ninayoandikia hapa una mkono wa kule.

Kutoka hapo tulikwenda Geysir, mahali penye chemchemi za maji yanayochemka. Iitwayo Strokkur huruka kila baada ya dakika chache, hadi mita ishirini au zaidi. Sababu yake ni nyepesi: maji yaliyo chini kabisa hupata joto kupita kiwango cha kuchemka, lakini uzito wa maji ya juu huyazuia. Joto likizidi, hugeuka mvuke kwa ghafla na kusukuma yote nje, kama sufuria iliyofunikwa vizuri mno. Wenyeji hutumia joto hilohilo kuoka mkate mweusi mtamu kwa kuuzika mchangani siku nzima. Nyumba tisa kati ya kumi nchini humo hupashwa joto kwa maji ya ardhini.

Wengi wameniuliza habari za swala. Hapa Mombasa kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Kule ni mashariki, ukipinda kidogo kusini. Taabu ni saa. Mwezi wa Juni jua huzama karibu usiku wa manane na kuchomoza baada ya saa tatu hivi, na katikati hapana giza la kweli, kwa hivyo wakati wa isha hauonekani mbinguni. Wanazuoni wamewawekea wakaazi wa huko njia za kukadiria. Mimi nilikuwa msafiri, nikapunguza na kukusanya swala, alhamdulillahi. Chakula kilikuwa samaki kwa siku zote nne, na mtu wa pwani hana malalamiko hapo.

Siku ya pili tulifuata pwani ya kusini. Tulipita maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, kila moja likiwa na urefu wa mita sitini hivi, na juu yake tukauona mlima Eyjafjallajökull. Usishughulike na kulitamka, lakini huenda unaukumbuka. Aprili 2010 volkano iliyo chini ya barafu yake ililipuka. Moto ulipokutana na barafu, majivu yakasagika kuwa vumbi laini na kupaa juu, na ndege za Ulaya zikasimama kwa siku kadhaa. Maua ya Naivasha yakaoza kwa kukosa ndege. Hapa kwetu nilikuwa na wageni walioshindwa kurudi makwao, na wengine walioshindwa kuja. Kumbe mlima uliotukosesha riziki ndio huu niliosimama chini yake.

Jioni tulifika Reynisfjara, ufuo wa mchanga mweusi tii, kwa kuwa ni mawe ya volkano yaliyosagwa na bahari. Kabla hajafungua mlango, mwelekezi alisimama mbele ya basi na kusema kwa dakika tano nzima. Hakutaja uzuri wa mahali hata kidogo. Alisema watalii kadhaa wamekufa hapo wakichukuliwa na mawimbi, wengine wamesimama kwenye mchanga mkavu wakipiga picha. Akaeleza kwa nini. Hapana mwamba wa kuvunja wimbi. Sisi tuna matumbawe yanayokinga ufuo wetu, wimbi kubwa likavunjikia mbali na kutufikia limechoka. Kule wimbi limevuka bahari nzima ya Atlantiki bila kizuizi, na chini ya ufuo pana mteremko mkali. Linafika na nguvu zake zote, na likirudi linakuvuta. Kuna taa ya kuonyesha hatari ya siku hiyo. Akatuchorea mpaka wa kusimama, na yeye mwenyewe akasimama upande wa baharini, macho yake kwetu.

Siku hiyohiyo tulikuwa tumetembea juu ya barafuto ya Sólheimajökull, tumefungiwa vyuma vyenye meno chini ya viatu. Barafu ina mistari myeusi, ambayo ni majivu ya milipuko ya zamani. Mbele yake pana ziwa ambalo si la zamani. Wanafunzi wa shule moja ya jirani huenda kila mwaka tangu 2010 kupima barafu imerudi nyuma mita ngapi, na mahali walipoanzia kupima sasa ni maji. Barafu ya Mlima Kenya nayo imebaki kidogo mno. Lakini hizi za kaskazini ni kubwa, na maji yake yakiyeyuka huishia baharini, bahari ileile inayopiga kuta za nyumba zetu wakati wa bamvua.

Siku ya tatu tulivuka uwanda wa mawe uliofunikwa na mimea midogo laini ya kijani. Ni uji wa moto wa mlipuko wa Laki wa 1783, uliofuatwa na njaa iliyoua karibu mtu mmoja kati ya watano nchini humo. Ni marufuku gari kutoka nje ya barabara, kwani jeraha la gurudumu huchukua miaka mingi kupona. Kisha tukafika Jökulsárlón, ziwa lililojaa vipande vya barafu vikubwa kama nyumba, vingine vya rangi ya samawati kwa sababu barafu iliyoshindiliwa humeza rangi nyekundu ya mwanga. Tulikuwa tumelipia boti.

Upepo ulikuwa umeongezeka, unasukuma vipande huku na huku. Wenye boti walizungumza na mwelekezi wetu, akarudi akasema, "Hakuna boti leo. Pesa zenu zitarudi." Mzee mmoja alikasirika. Alisema ametoka mbali, na boti nyingine alizoziona kwenye picha zilikuwa kwenye upepo. Yule mama akamsikiliza, akakubali kwamba inaumiza, na hakubadilisha neno. Alitukumbusha kwamba Agosti 2024, kwenye barafuto hiyohiyo inayomwaga vipande ziwani, barafu iliporomokea kundi la watalii waliokuwa na waelekezi, na Mmarekani mmoja akafa. Waliokuja kuokoa, alisema, wengi ni wa kujitolea. Sehemu kubwa ya fedha zao hutokana na kuuza fataki za mwaka mpya.

Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilikumbuka Julai moja ya ujana wangu. Kusi lilikuwa likivuma, na nahodha wetu, mzee aliyeijua bahari kuliko sisi sote, alisema leo hapana. Mwenye biashara aliogopa kurudisha pesa za wageni tisa. Akaamuru boti itoke, na jaketi za kuokoa maisha zilikuwa sita. Nje ya mwamba wimbi lilitutupa, mama mmoja mgeni akavunjika mkono, na mtoto wake tukamshika nguo akiwa nusu yuko majini. Jioni aliyefukuzwa kazi ni nahodha. Nami niliyemsikia akisema hapana sikusema kitu, kwa kuwa nilihitaji kazi. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumwomba radhi.

Ndiyo maana naandika. Tukizungumzia kufufua utalii wa pwani, tunazungumza hoteli, barabara na matangazo. Mandhari tunayo. Mwelekezi tunaye, tena hodari, anajua lugha nne na majina ya upepo wote. Alichokosa ni neno lake kuwa la mwisho. Kule nahodha au mwelekezi akisema hapana, pesa hurudi na yeye hubaki na kazi yake. Hili halihitaji mfadhili. Serikali za kaunti na wenye boti wanaweza kuliandika kwenye masharti ya leseni: nahodha akikataa kutoka kwa sababu ya bahari, asiadhibiwe. Na jaketi zihesabiwe kabla ya wageni kupanda.

Siku ya nne, njiani kurudi Reykjavík, yule mzee aliyekasirika alikuwa wa kwanza kumpa mwelekezi bahashishi.